Kalenda ya mwaka "mtupu" yaniumbua mbele ya mama watoto

Leo sina ushauri wa kumpa yeyote kuhusu ndoa wala malezi. Leo nimekuja kukiri kosa, na kosa lenyewe nililitenda hadharani, nikiwa nimeshiba pilau, mbele ya wakwe na mashemeji.

Ilikuwa mwezi uliopita. Tulikuwa tumeenda kwetu Wundanyi, katika milima ya Taita, kwa shughuli ya mahari ya mpwa wangu. Wageni walipokwisha kula na wazee kumaliza mambo yao ya faragha, sisi tuliobaki tuliketi chini ya mti wa avokado tukapiga soga. Sijui ni nani aliyeanza, lakini mazungumzo yaliingia katika mwaka wa 2020, ule wa korona, na kila mmoja akawa anaeleza jinsi ulivyomtenda.

Shemeji yangu mmoja alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii huko Pwani. Alirudishwa nyumbani mwezi wa Machi mwaka huo, akaambiwa angeitwa hali ikitengemaa, na hadi leo hajaitwa. Binamu yangu naye alimzika babake mwezi wa Mei kwa haraka, waombolezaji wakiwa 15 tu kama serikali ilivyoagiza. Dada yake aliyekuwa Nairobi hakuweza kufika kwa kuwa jiji lilikuwa limefungwa. Alimlilia babake kwa simu. Tuliposikia hayo sote tuliinamisha vichwa.

Zamu yangu ilipofika nilitaka kuwachangamsha watu kidogo. Nikasema, "Mimi jamani wangu ulikuwa mwaka mtupu. Nilikaa nyumbani, nikala, nikalala. Hakuna lolote lililotokea."

Watu wakacheka. Mama watoto hakucheka. Alinitazama kwa lile jicho ambalo waume wenzangu mnalijua, kisha akainuka akaenda kuosha sufuria ambazo hakuna mtu aliyekuwa amemwomba aoshe.

Safari ya kurudi Nairobi ilikuwa ndefu. Tangu Voi hadi Mtito Andei hakusema neno. Nilimnunulia maji, akapokea. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikaa katika basi lile nikingojea mshindo wangu.

Ulikuja usiku huo huo, tena bila kelele. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani, akalivuta lile sanduku la chini ya kitanda ambamo sisi huweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto na stakabadhi za shamba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa kalenda ya mwaka wa 2020, zile ambazo wenye maduka huwapa wateja bure mwezi wa Desemba.

"Haya, Baba Watoto," akasema, "nisomee mwaka wako mtupu."

Nikavaa miwani. Januari, Februari na nusu ya Machi zilikuwa zimejaa maandishi yake: karo, siku ya chama, zamu za usiku, arusi ya rafiki yake. Katika mraba wa Aprili 12, siku ya Pasaka, alikuwa ameandika "Wundanyi kwa nyanya" na kuchora ua kando yake. Nyote mnajua hatukwenda. Nairobi ilifungwa Aprili 6, na nyanya alikula Pasaka peke yake.

Lakini kuanzia Machi 27 hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na alama tu. Katika kila mraba, siku baada ya siku, palikuwa na alama ndogo ya vema, kama ile ambayo mwalimu humtilia mwanafunzi kwenye jibu lililo sawa, kwa kalamu ya buluu. Aprili yote, Mei yote, Juni, Julai, hadi Desemba 31. Mwezi wa Agosti tu ndio uliokuwa tofauti kidogo. Hapo palikuwa na alama za rangi nyekundu, kubwa, zilizopinda, nyingine zikitoka nje ya mraba.

"Hizi ni nini?" nikauliza.

"Kila usiku ambao sisi wote tulilala humu ndani tukiwa wazima," akajibu, "nilitia moja. Ukihesabu utapata 280."

Nikahesabu, kwa sababu mimi ni karani wa hesabu na sikuwa na la kusema. Zilikuwa 280.

Hebu sasa, msomaji, nikueleze mwaka huo ulivyokuwa nyumbani kwetu, ndipo uone ukubwa wa kosa langu.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Ijumaa, Machi 13. Siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe, na Machi 27 kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kampuni niliyoifanyia kazi ilitutuma nyumbani mwezi wa Aprili kwa nusu mshahara. Nilikuwa mwanamume ambaye kwa miaka mingi alitoka nyumbani kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, na ghafla nikajikuta nimeketi katika kochi langu saa nne asubuhi, nikigundua kwamba jua huingia sebuleni mwetu kupitia dirisha la upande wa kushoto. Sikuwahi kulijua hilo.

Mama watoto hakutumwa nyumbani. Yeye ni muuguzi. Kafyu ilipoisha alfajiri alikuwa tayari amevaa viatu, akienda kupanga foleni ya matatu. Yale ya watu 14 yalikuwa yakibeba 8, kwa hivyo nauli ilikuwa imepanda na foleni ilikuwa imerefuka. Vifaa vya kujikinga havikutosha pale alipofanya kazi. Kuna siku barakoa moja ilibidi itumike kutwa nzima. Aliniambia hilo mara moja tu, wala hakulirudia.

Siku zetu zilifanana kama punje za mahindi. Mchana ningefua na kupika. Alasiri ningefungua televisheni na kumsikiliza waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akitaja idadi ya waliopatikana na ugonjwa na waliofariki. Kisha ningesimama kwenye roshani nikitazama barabara, saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na robo, saa kumi na mbili na nusu, hadi nione koti lake la kijani likija kwa haraka kati ya watu waliokuwa wakiikimbia saa moja. Mlangoni tulikuwa tumeweka beseni la maji ya sabuni. Hakumgusa mtoto yeyote kabla ya kuoga na kubadilisha nguo, na watoto walijifunza kusimama mbali wakingoja.

Ningemuuliza, "Kuna jipya?"

Angejibu, "Hakuna."

Basi. Tukala, tukalala. Na huo ndio mwaka ambao chini ya mti wa avokado niliuita mtupu.

Kuna jambo jingine. Kitinda mimba wetu alikuwa Gredi ya 3 wakati huo. Shule zilipofungwa nikawa mwalimu wa nyumbani, nikisaidiwa na vipindi vya masomo redioni. Wiki ya pili nilimpa kitabu chake cha Kiswahili nikamwambia asome. Akasoma vizuri, tena kwa madaha. Nikafungua ukurasa mwingine ambao hawakuwa wameufikia darasani. Akanyamaza. Nikamwambia soma. Akanitazama, halafu akatazama picha, akaanza kubuni hadithi kutokana na picha.

Mtoto hakuwa anajua kusoma. Alikuwa anakariri.

Nilipandwa na hasira, msomaji. Nilitoa ripoti yake ya muhula iliyosema kwamba anatimiza matarajio. Nikawakaripia walimu ambao hawakuwapo, kisha nikamkaripia mtoto aliyekuwapo, akalia. Jioni nilimweleza mama watoto kwa sauti ya juu jinsi nitakavyokwenda kuwaona walimu hao shule ikifunguliwa. Alinisikiliza huku akikausha nywele. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Wewe mara ya mwisho ulimsikiliza akisoma lini?"

Sikuwa na jibu. Mimi ambaye ninakuandikia katika ukurasa huu kila Jumapili nikijigamba kwa Kiswahili, nilikuwa na mtoto asiyeweza kuisoma kazi yangu, nami sikujua.

Kuanzia kesho yake tulianza upya. Ba, be, bi, bo, bu. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi baada ya chakula cha mchana. Vitabu vilipotuishia tulitumia magazeti ya zamani, na neno la kwanza refu alilolisoma bila kubuni lilikuwa "wasiojulikana," kwenye habari ya wizi wa ng'ombe. Alifurahi sana. Siku nzima alizunguka nyumbani akisema wasiojulikana, wasiojulikana.

Mwezi wa Julai, siku ile ile ambayo vizuizi vya kuingia na kutoka Nairobi viliondolewa, aliyekuwa waziri wa elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea. Mtoto alikuwa ameketi karibu yangu. Akaniuliza, "Baba, na vile nimejua kusoma, hiyo pia imepotea?" Nikamwambia hapana, hiyo ni yako. Mpango huo wa serikali ulibadilishwa baadaye, lakini jina la "mwaka uliopotea" lilibaki vinywani mwa watu, na kumbe lilibaki kinywani mwangu pia.

Njia ya kwenda Wundanyi ilikuwa sasa wazi, lakini hatukwenda. Ni nani angempelekea mama yake mzee ugonjwa kutoka nyumba ya muuguzi? Nilikuwa nikimtumia shilingi 900 kwa simu mara kwa mara, kwani kiasi kisichofika 1,000 hakikutozwa ada mwaka huo, na kila mara alipiga simu kuuliza, "Huko kuna habari gani?" Nami nilimjibu kama nilivyojibiwa nyumbani. Hakuna, mama. Hakuna jipya.

Halafu ikaja Agosti.

Jumanne, Agosti 4, mama watoto alirudi mapema. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango akaniita, akaniambia mwenzake waliyekuwa zamu moja naye amepatikana na ugonjwa, na kwamba yeye ameagizwa ajitenge kwa siku 14. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala. Watoto tuliwahamishia sebuleni, na yeye akaingia katika chumba chao akafunga mlango. Chakula nilikiweka juu ya kigoda nje ya mlango, nikabisha, nikaondoka, kisha yeye akafungua.

Usiku wa kwanza sikulala. Nilikuwa nikisikiliza kama atakohoa. Alikohoa mara mbili, na hizo mbili zilinitosha hadi asubuhi.

Jioni ya pili kitinda mimba alichukua gazeti, akaketi sakafuni, mgongo wake ukiwa umeegemea mlango ule. Akasema, "Mama, nikusomee?" Sentensi ya kwanza ilichukua muda ambao chai ingepoa. Alikwama, akarudi, akakwama tena. Mimi nilikuwa jikoni na nilitaka kwenda kumsaidia, lakini nikaisikia sauti ya mama watoto kutoka ndani, "Usiwe na haraka, mama. Mimi siendi popote." Alipomaliza, mlango ulibishwa mara tatu kutoka ndani. Hiyo ilikuwa makofi.

Alisoma kila jioni. Mwanzoni habari fupi fupi, baadaye barua za wasomaji, na siku ya 11 alisoma makala nzima iliyochapishwa katika ukurasa huu huu, yangu, iliyohusu jinsi ya kuwa mzazi mwema. Niliposikia maneno yangu yakisomwa polepole kupitia mlango uliofungwa, nilijiona mdogo kama piriton.

Majibu ya vipimo yalikuja, yakasema hana ugonjwa. Alimaliza siku zake 14 hata hivyo, akatoka, akarudi kazini. Mwenzake yule alilazwa, akapona. Nami, msomaji, nikaweka mambo hayo yote mahali pa kusahaulia. Hayakuwa na mwisho wa kusimuliwa. Hakuna aliyefariki, hakuna aliyelazwa nyumbani kwetu, hakuna aliyefukuzwa. Ukiulizwa ulifanya nini mwaka huo, utaanzaje kusema kwamba mkeo alikohoa mara mbili?

"Na hizi nyekundu?" nilimuuliza usiku ule tukiwa na kalenda mezani, ingawa moyoni nilikwisha kufahamu.

"Mimi nilikuwa ndani, kalenda ilikuwa jikoni," akasema. "Nilimwambia yeye anitilie. Hakupata kalamu, akatumia kreyoni."

Alama 14 nyekundu. Zilikuwa ukutani mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nikipika ugali mbele yake kila siku. Nakumbuka niliwahi kumgombeza mtoto kwa kuchorachora kalenda ya watu.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku hiyo, na hivi ndivyo ninavyoona. Wale waliopatwa na msiba mwaka ule wana habari ya kusimulia, na ni haki yao tuwasikilize tukiwa tumeinamisha vichwa. Sisi ambao tuliogopa kila siku, na lile tuliloliogopa halikufika, hatuna habari. Kwa hivyo tunasema hapakuwa na lolote. Lakini hilo "hakuna" tulikuwa tukilisubiri kwenye roshani kila jioni. Tulikuwa tukiliomba. Na kulikuwa na mtu aliyekuwa akilileta nyumbani, kwa maji ya sabuni, kwa barakoa ya kutwa, kwa kujifungia siku 14 katika chumba cha watoto. Kumwambia mtu huyo mbele ya wakwe kwamba hakuna lolote lililotokea ni kumwambia kwamba hakufanya kazi yoyote.

Sisemi kwamba waliofiwa hawakujikinga. Wauguzi na madaktari wengi walijikinga na bado wakatutoka, na wauguzi wa umma waligoma Desemba 2020 wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Bahati ilikuwa na sehemu yake nyumbani kwetu, tena sehemu kubwa. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimelala katika kitanda kile kile nikadai hakina kunguni kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akiwaua kabla sijapanda.

Kuna aibu moja iliyobaki na sitaificha. Januari 2021 shule zilifunguliwa na kampuni ikatuita kazini. Nikarudi kutoka gizani na kuingia gizani. Zile dakika kumi za asubuhi zikawa za Jumamosi tu, kisha zikafa. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 20, 2021, nilishangilia kama watu wengine wote. Kitinda mimba aliniuliza, "Sasa utakuwa unarudi usiku tena?" Nilidhani ni swali la saa.

Sasa yeye ni msichana mrefu kuliko mamake na anasoma vitabu vinene ambavyo mimi vinanisinzisha. Juzi nilimwomba anisomee kitu chochote. Alinishangaa, akauliza kama miwani yangu imevunjika. Nikamwambia haijavunjika. Akasoma kurasa mbili, nami nikabisha mezani mara tatu. Akasimama kusoma, akanitazama, akatabasamu. Kumbe anakumbuka.

Nanyi wasomaji, nina ombi moja leo. Kama mwaka ule kwenu pia hakuna lolote lililotokea, usikimbilie kuuita mtupu. Muulize kwanza uliyekuwa ukiishi naye. Huenda naye ana karatasi iliyokunjwa mara nne mahali fulani, nawe huijui. Nilimpigia simu shemeji mkubwa Wundanyi nikamwambia nilikosea, na kwamba tukikutana tena nitausimulia mwaka wangu upya, kuanzia Machi 27.

Na mama watoto je? Nilimwomba msamaha usiku ule ule. Alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja kalenda yake mara nne, akairudisha sandukuni kati ya vyeti vya watoto. Halafu akasema, "Nimekusikia, Baba Watoto. Sufuria ziko jikoni."

Nikaenda kuziosha. Tukutane Jumapili ijayo tukijaliwa.